Ndege moja, mashujaa wawili: mwanangu aseme nini kuhusu Rashid Minhas?

"Mimi ni Mzanzibari, nimeolewa na Mpakistani na tunaishi Maskati. Mwanangu wa miaka 13 amechaguliwa kutoa hotuba shuleni kwao tarehe 6 Septemba, Siku ya Ulinzi ya Pakistan, kuhusu rubani Rashid Minhas. Baba mkwe, ambaye mwaka 1971 alikuwa mwanafunzi Karachi, amemwandikia hotuba nzima: kwamba kijana yule aliiangusha ndege yake kwa makusudi ili msaliti asiifikishe India. Mtoto alikuwa akiifanyia mazoezi varandani, jirani yetu Mbangladeshi akamsikia. Tumekaa naye miaka mingi, watoto wetu wanakula sinia moja. Akaniambia kwa upole kwamba huyo anayeitwa msaliti kwao ni shujaa wa taifa, na kuna kambi ya jeshi yenye jina lake. Nani anasema kweli? Je, kijana aliiangusha ndege kwa kusudi? Mwanangu atamsifuje shujaa wa babu yake bila kumuumiza jirani? Na kuna jingine linaloninyima usingizi: siku hizi mtoto anasema anataka kufa kama Rashid."

Dada yangu, umeuliza maswali manne, na la mwisho ndilo zito kuliko yote. Nitalifikia. Sijalisogeza nyuma kwa kulidharau. Jibu lake linategemea tunavyomwelewa kijana mwenyewe, na huwezi kumwelewa bila kuijua hali ya Karachi mwaka 1971.

Nianze na lililo jepesi. Jirani yako hajakudanganya, wala baba mkwe wako hajakudanganya. Ndani ya ndege ile walikuwamo watu wawili. Wote wawili walikuwa maofisa wa jeshi moja la anga, wote wawili Waislamu, wote wawili walikufa siku ile ile. Na kila mmoja alipewa nishani ya juu kabisa ya ushujaa wa vitani: Rashid Minhas alipewa Nishan-e-Haider ya Pakistan, na Matiur Rahman alipewa Bir Sreshtho ya Bangladesh. Ni nadra mno katika historia ya vita kukuta ajali moja imezaa mashujaa wawili wa mataifa mawili, kila mmoja akiwa ndiye adui katika hadithi ya mwenzake. Kwa hiyo mshtuko ulioupata pale varandani umewapata watu wengi kabla yako.

Sasa tumtazame kijana. Rashid alizaliwa Karachi tarehe 17 Februari 1951. Utoto wake ulikwenda kati ya Karachi na Rawalpindi kwa kuhamahama kwa familia, na Karachi akasoma shule ya St Patrick's. Wanaosimulia maisha yake hawaachi kutaja kwamba alikuwa akikusanya ndege za mfano na kujisomea habari za urubani. Alijiunga na chuo cha jeshi la anga kule Risalpur, kaskazini-magharibi mwa Pakistan, akahitimu Machi 1971 kwa cheo cha chini kabisa cha uofisa. Kisha akapelekwa kambi ya Masroor, Karachi, kuanza mafunzo ya kuzoea ndege za jeti. Mpaka Agosti alikuwa bado mwanafunzi. Hakuwa amepigana na mtu yeyote.

Hapo ndipo penye kosa la kwanza ninalokutana nalo mara kwa mara, na pengine limo kwenye hotuba ya mwanao. Watu husimulia kana kwamba Rashid alikufa katika vita na India. Vita vile vilianza tarehe 3 Desemba 1971, zaidi ya miezi mitatu baada ya kifo chake. Vita vilivyokuwapo Agosti vilikuwa ndani ya Pakistan yenyewe. Wakati huo nchi ilikuwa na pande mbili, Magharibi na Mashariki (ndiyo Bangladesh ya leo), na katikati yake India nzima. Wabengali wa Mashariki ndio waliokuwa wengi, lakini jeshi, serikali na fedha vilikuwa mikononi mwa watu wa Magharibi. Katika uchaguzi wa Desemba 1970 chama chao, Awami League, kilishinda viti 160 kati ya 162 vya upande wa Mashariki, idadi iliyotosha kuunda serikali ya nchi nzima. Hawakukabidhiwa. Usiku wa tarehe 25 Machi 1971 jeshi likaingia mitaani Dhaka, mji mkuu wa Mashariki. Wanafunzi na walimu waliuawa chuo kikuu, mitaa ikachomwa moto, na kufikia mwisho wa mwaka watu wapatao milioni 10 walikuwa wamekimbilia India. Idadi ya waliouawa inabishaniwa hadi leo: Bangladesh inasema milioni 3, wanahistoria wengi wanataja idadi ndogo zaidi ya hiyo, lakini hakuna mtafiti makini anayesema vifo vilikuwa vichache. Jirani yako akinyamaza kidogo kila mwaka huo unapotajwa, sababu ndiyo hiyo.

Matiur Rahman alizaliwa Dhaka tarehe 29 Oktoba 1941. Alisoma shule ya jeshi la anga kule Sargodha, akapita chuo kile kile cha Risalpur alichokuja kupita Rashid, akawa rubani wa ndege za kivita na baadaye mkufunzi. Machi 1971 alikuwa likizo nyumbani kwao Bengali na akayaona mambo kwa macho yake. Alirudi Karachi na mkewe na mabinti zao wawili wadogo, lakini moyo wake haukurudi. Wakati huo maofisa wa Kibengali walikuwa hawaaminiwi tena na hawaruhusiwi kurusha ndege. Matiur akapewa kazi ya ardhini, kusimamia usalama wa ndege za kikosi. Naomba uikumbuke kazi hiyo, maana bila hiyo hutaelewa jinsi mambo yalivyowezekana.

Ijumaa tarehe 20 Agosti 1971, kabla ya adhuhuri, Rashid alikuwa akiipeleka ndege taratibu kuelekea njia ya kurukia. Ilikuwa safari yake ya pili peke yake kwa ndege ya aina hiyo, T-33, ndege ya mafunzo ya Kimarekani yenye viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, chini ya kifuniko kimoja cha kioo. Matiur akampa ishara ya kusimama. Mwanafunzi akipewa ishara na afisa wa usalama hasiti hata kidogo: kwake maana yake ni kwamba kuna kitu kibaya kimeonekana kwenye ndege, pengine tairi, pengine mafuta yanavuja. Rashid akasimama, kama alivyofundishwa. Matiur akapanda akaingia kiti cha nyuma, na ndege ikaruka.

Baba mkwe wako amesikia maneno ya redio yakisimuliwa, na hayo ni kweli kabisa. Sauti ya Rashid iliufikia mnara ikisema kwamba ndege imetekwa. Ndege nyingine zilirushwa kuitafuta zisiione, kwa kuwa T-33 ile ilikuwa ikiruka chini sana ili kuikwepa rada. Ilielekea mashariki, upande wa mpaka wa India. Ilianguka katika wilaya ya Thatta, karibu na maeneo ya mlango wa mto Indus. Umbali unaotajwa kila mara ni takriban kilomita 50 kabla ya mpaka. Rashid alikuwa na miaka 20, Matiur 29.

Sasa swali lako la pili: aliiangusha kwa kusudi? Nitakueleza jinsi ndege ile inavyofanya kazi, kisha utaona mwenyewe jibu linaishia wapi.

Katika T-33, fimbo ya kuongozea iliyo mbele na iliyo nyuma zimeunganishwa, na kadhalika pedali za miguuni. Mwanafunzi akisukuma, ya mkufunzi inasogea. Mkufunzi akivuta, ya mwanafunzi inarudi. Ndivyo ilivyoundwa ili mwalimu aweze kumsahihisha anayejifunza. Lakini watu wawili wakishindania fimbo hiyo, ndege haifuati matakwa ya yeyote kati yao. Inafuata tofauti ya nguvu zao wakati huo, na tofauti hiyo inabadilika kila sekunde. Juu angani rubani huwa na nafasi ya kupoteza urefu fulani na kuirudisha ndege sawa. Ukiwa chini karibu na ardhi nafasi hiyo haipo. Mvutano wa sekunde mbili au tatu unatosha kuipeleka pua ya ndege chini, hata kama hakuna aliyekusudia.

Ndege za mafunzo za zama zile hazikuwa na kinasa sauti cha chumba cha rubani. Hakuna aliyekuwa karibu angani. Waliokuwamo wote wawili walikufa. Kwa hiyo tunajua jambo moja kwa hakika, kwamba Rashid alipinga na akatoa taarifa, na la pili tunalijua kwa kiasi kikubwa, kwamba ndege haikufika ilikokuwa ikipelekwa kwa sababu alipinga. Nia yake katika sekunde za mwisho haikuandikwa popote. Maelezo rasmi ya nishani yanasema aliilazimisha ndege kuanguka baada ya kuona hana njia nyingine ya kuizuia, na inawezekana kabisa kwamba ndivyo ilivyokuwa. Wapo pia marubani, na miongoni mwao Wapakistani wenyewe, waliouliza maswali ya kifundi: Matiur aliingia kwa haraka, je, alipata muda wa kujifunga mikanda? Kifuniko kilifungwa sawasawa? Je, kiling'oka hewani ndege ikashindikana kuongozwa? Maswali hayo si matusi kwa Rashid. Wanaoyauliza ni watu waliokalia viti vile vile na wanajua ndege inavyoweza kumgeuka mtu.

Yapo na mengine utakayoyasikia, ya dawa ya kulewesha na ya bastola bandia. Kila msimulizi ana lake. Kwenye hotuba ya mtoto nisingeyaweka hata moja.

Unaweza kujiuliza kwa nini basi nchi nzima inasimulia sekunde zile kana kwamba mtu alikuwa amekaa katikati ya viti viwili akiandika. Hili si la Pakistan peke yake. Peru inamkumbuka rubani José Quiñones, aliyekufa tarehe 23 Julai 1941 akiwa na miaka 27 katika vita na Ekwado. Wanafunzi wa Peru hufundishwa kwamba ndege yake ilipopigwa aliielekeza kwa makusudi kwenye mizinga ya adui. Ukivuka mpaka kuingia Ekwado unasimuliwa habari nyingine. Tarehe ya kifo chake ndiyo siku ya jeshi la anga la Peru. Rubani hufa mbali na macho ya watu, na taifa lililo vitani linahitaji kujua kwamba kijana wake hakufa bure, kwa hiyo pengo la sekunde zile hujazwa upesi na kwa mapenzi makubwa. Wanaolijaza kwa kawaida hawasemi uongo kwa ubaya. Baba mkwe wako alikuwa kijana mdogo Karachi, karibu wa rika la Rashid. Habari ile ilimfikia ikiwa tayari imekamilika, na ameishi nayo zaidi ya miaka 50. Ukimwambia "si kweli" utakuwa umemvunjia heshima, na zaidi ya hapo utakuwa umekosea, maana huna ushahidi wa kuikanusha. Ila unaweza kumwomba mtoto aseme "aliizuia" badala ya "aliiangusha kwa makusudi". Neno la kwanza lina ushahidi na halimpunguzii kijana chochote.

Baada ya ajali njia za wawili hawa zilitengana kabisa. Rashid alizikwa Karachi kwa heshima zote za kijeshi. Rais Yahya Khan akamtunuku Nishan-e-Haider. Mpaka leo ndiye mdogo kuliko wote waliowahi kuipata, na ndiye pekee kutoka jeshi la anga. Kambi kubwa ya jeshi hilo kule Kamra ina jina lake. Matiur alizikwa ndani ya kambi ya Masroor, kaburi la mtu aliyehesabiwa mhaini. Tarehe 16 Desemba 1971 jeshi la Pakistan likasalimu amri Dhaka na Bangladesh ikawa nchi, lakini kaburi lilibaki Karachi. Ilichukua karibu miaka 35 ya maombi na mazungumzo. Juni 2006 mabaki yake yalirudishwa Dhaka, yakapokewa kwa heshima za kitaifa na kuzikwa Mirpur, katika makaburi ya wasomi waliouawa mwaka 1971. Bir Sreshtho wako saba tu, na yeye ni mmoja wao. Kambi ya jeshi la anga ya Jessore, ile aliyokutajia jirani yako, inaitwa kwa jina lake.

Na kuna jambo linalonigusa kila ninapolifikiria: Pakistan ilikubali kuyatoa mabaki yale. Haikumfuta Rashid kwa kufanya hivyo, wala Bangladesh haikudai kwamba Rashid alikuwa mtu mbaya. Serikali mbili zenye damu kati yao zimeweza kufika hapo. Varanda moja ya Maskati itaweza.

Nitatoa na hukumu yangu, kwa kuwa umeniuliza kama mtu anayetaka jibu. Matiur alikuwa na sababu ambayo mtu yeyote aliyeona Dhaka ya Machi 1971 ataielewa. Lakini pia alimtia katika hatari ya kifo kijana ambaye hakuwa na mkono wowote katika yaliyotokea Dhaka, tena kwa kutumia utii wa kijana huyo, na hilo lisifichwe kwa ajili ya adabu. Rashid kwa upande wake alifanya alichopaswa kufanya ofisa yeyote ambaye ndege aliyokabidhiwa inachukuliwa. Hakuwa akilinda mauaji. Kuna kila dalili kwamba mwanafunzi wa miaka 20 aliyekuwa akijifunza Karachi hakuambiwa ukweli wa yanayotokea Dhaka. Mtu anaweza kuyashika haya yote kwa pamoja bila kupasuka kichwa, na mtoto wa miaka 13 anaweza pia, akisaidiwa.

Wewe umetoka Unguja na unaishi Oman, kwa hiyo hili si geni kwako hata kidogo. Unajua jinsi siku ya tarehe 12 Januari 1964 inavyosimuliwa nyumba hii na inavyosimuliwa nyumba ya pili. Kwa wengine ni siku ya kukombolewa. Kwa wengine ni siku baba alipotoka asirudi, na ndiyo sababu wako Maskati mpaka leo. Unajua pia watu wa nyumba hizo mbili wanavyozikana na kuoana. Ujuzi huo ulio nao mwanao hana bado. Mpe.

Tuje kwenye hotuba. Naziona njia tatu. Ya kwanza, asome ya babu kama ilivyo. Babu atafurahi, shule itapiga makofi, na mtoto atakuwa amemwita msaliti mtu ambaye sasa anajua ni shujaa wa kina fulani anaokula nao. Watoto wa umri huu huona unafiki wetu upesi kuliko tunavyodhani, na unawatafuna. Ya pili, akatae kabisa kuzungumza. Hii siipendi, maana inamfanya Rashid alipe deni lisilo lake, na babu atajeruhika bila sababu. Ya tatu ni kuiandika upya pamoja na babu, kwa kushika yale yanayojulikana na kuliondoa neno "msaliti". Hotuba ya namna hiyo ina makofi machache, na pengine mwalimu atauliza kwa nini Matiur ametajwa. Kwa hiyo mwalimu aione mapema, wiki moja kabla, mtoto asije akasimamishwa katikati ya ukumbi. Ikiwa mwalimu hataki habari za Dhaka siku hiyo, usigombane naye. Hotuba ya dakika tatu inaweza kumhusu Rashid mwanzo hadi mwisho na isimtukane mtu. Habari za Dhaka mtoto atazipata nyumbani.

Ili usibaki na maneno ya jumla, kiini chake kinaweza kuwa hivi:

"Rashid Minhas alikuwa na miaka 20. Tangu utotoni alipenda ndege. Tarehe 20 Agosti 1971 mkubwa wake kazini alimsimamisha, akapanda ndege yake na kutaka kuipeleka India. Rashid alikuwa peke yake, hana wa kumsaidia wala wa kumuuliza. Alitoa taarifa kwa redio, akaizuia ndege, na hakurudi nyumbani. Aliyekuwa naye aliitwa Matiur Rahman. Alikuwa Mbengali, na watu wa kwao walikuwa wakiuawa. Naye hakurudi kwa mkewe na watoto wake. Leo namkumbuka Rashid, na nawaombea wote waliopoteza watu wao mwaka ule."

Mtoto aibadilishe kwa maneno yake. Ila sentensi ile ya redio asiitoe, na sasa nitakueleza kwa nini, maana tumefika kwenye swali lako la mwisho.

Mtoto anaposema "nataka kufa kama Rashid", mara nyingi anachokitamani ni kuwa mtu ambaye jina lake linatajwa kwa heshima, ambaye babu akimtaja anatokwa na machozi. Ameonyeshwa kwamba njia ya kufikia hapo ni kifo, kwa sababu hadithi aliyopewa ina dakika za mwisho tu. Miaka 20 iliyotangulia haimo: ndege za mfano hazimo, kuhama shule hakumo, mitihani ya Risalpur haimo. Mrudishie hiyo miaka. Kisha mwambie jambo hili, nami nakuomba uliseme taratibu: Rashid hakuamka Ijumaa ile akitafuta kufa. Alikwenda kwenye somo. Na alipogundua kwamba yuko hatarini, kitu alichofanya ni kushika redio na kuwaita wenzake. Alitaka wasikie, alitaka waje. Anayemwona Rashid kama kijana aliyekitamani kifo hamwoni Rashid mwenyewe. Ikiwa mwanao anataka kuwa kama yeye, basi aanze na hilo, kuita watu mambo yanapomzidi.

Babu naye aambiwe, kwa heshima na faraghani, kwamba mjukuu amelisema neno hilo. Sidhani kuna babu atakayelisikia akabaki na hotuba ile ile mkononi. Pengine yeye ndiye atakayekuwa tayari kumsimulia mtoto kuhusu Karachi ya vijana wa wakati ule, walivyoishi, walichokipenda, jinsi habari ilivyofika nyumbani kwao na mama zao walivyolia. Kwa jirani, nenda wewe kwanza, bila mtoto. Usiende kuomba radhi kwa ajili ya Rashid. Nenda umuulize mwaka 1971 uliwakuta wapi wakubwa wake, kisha umsikilize bila kuweka "lakini". Akiona ni sawa, msomee hotuba mpya kabla ya siku yenyewe. Akisema hataki kuisikia, mwachie haki hiyo, na mahusiano yenu yaendelee kwa mambo mengine.

Yote hayo ni ikiwa maneno ya mtoto ni ya kutamani ushujaa. Wewe ndiye unayemwona kila siku, na mimi kwa barua siwezi kukupimia hilo. Muulize waziwazi mkiwa wawili: "Unaposema unataka kufa, una maana gani? Umewahi kufikiria kujidhuru?" Kuuliza hakumtii mtoto wazo kichwani. Kunamfungulia mlango. Ikiwa amejitenga na marafiki, halali, hali vizuri, anagawa vitu vyake anavyovipenda, au kuna watu wasiojulikana wanaomwandikia kwenye simu kuhusu kupigana na kufa, nenda ukaonane ana kwa ana na mshauri wa shule na daktari wa watoto au wa afya ya akili wiki hii hii. Akikuambia ameshafikiria namna ya kufanya, usimwache peke yake na mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje kwanza hotuba ipite.